Mheshimiwa Alituma Mtu

Jumamosi, alasiri. Jua kali, na mawingu yanapita juu yetu kama wageni wasiotaka kukaa.

Mutheu ametoka tu kugonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, pa pa pa, huku akisema "Ndiyo" kwa sauti nzito kama ya mwanaume aliyeshiba. Halafu amenyamaza, ameangalia huku na huku kama kuna mtu wa kumpinga, ameona hakuna, na amelala hapo hapo kwenye mkeka na mwiko mkononi. Saa hii anakoroma kidogo. Nimemfunika leso miguuni kwa sababu ya nzi.

Miaka miwili haijaisha na tayari ni mbunge. Kosa ni langu. Miezi hii yote nikipata bando, naegemeza simu kwa debe la unga, nafungua kikao cha bunge letu la kaunti, na ninachambua ndengu nikisikiliza. Yeye anasikiliza na mimi. Waheshimiwa wakipiga meza, yeye anapiga sufuria. Juzi amenipinga kuhusu kuoga.

Kwa wale mnaofika hapa mara ya kwanza: mimi ni mama wa mtoto mmoja, shule niliachia kidato cha pili, na naishi mwendo mfupi wa bodaboda kutoka soko la Mbumbuni. Wadi yetu sitaitaja, wenye kujua wanajua. Nilianza kuandika hapa mambo ya mimba na ya kunyonyesha. Halafu siku moja kina mama wa kikundi chetu waliuliza tukiwa mtoni, hivi huyu tuliyemtuma bungeni kule mjini Wote huwa anafika kazini? Nikasema nitaangalia, mimi ndio niko na simu. Ndivyo nilianza kuandika habari za MCA wetu, mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti. Siku gani aliingia bungeni, siku gani hakuingia, alipiga kura upande gani, na ana kazi gani nyingine inayomlisha nje ya ile tuliyompa.

Ile kazi nyingine si siri. Ana malori mawili ya mchanga. Moja linaendeshwa na Kimeu, baba Mutheu.

Leo nataka kurekebisha kitu nilichoandika hapa wiki mbili zilizopita, na mkono umekuwa mzito tangu asubuhi.

*

Nimeamka na susu moyoni. Susu ni nyanya, kwa wasiojua Kikamba. Yeye ndiye alinilea, mama yangu akiwa Kitui mjini, kwa duka la vitambaa la familia moja ya Kiislamu. Kila Desemba mama alikuja na leso mbili, moja ya susu na moja ya kunitosha mimi. Lakini siku zingine zote za mwaka nilikuwa mtoto wa susu, na siku tamu kuliko zote zilikuwa siku za mwethya.

Mwethya ni kina mama wa kijiji wakikusanyika kufanya kazi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kazi kubwa ilikuwa kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia maji ya mvua yasibebe udongo. Mama mwenye kuongoza alitembea na fimbo akipima, kila mtu kipande chake. Halafu aliita majina. Ukiitwa unasema, "Niko." Ukiwa mgonjwa, ama umezaa, ama una msiba, unatuma mtu. Binti yako, shemeji yako, yeyote mwenye mikono. Jina lako likiitwa, yeye ndiye anaitikia, na wewe unahesabiwa umekuja. Hakuna mtu alikuuliza zaidi.

Na asiyekuja wala kutuma mtu, kipande chake kiliachwa vile vile. Hakugombezwa. Mtaro ulienda vizuri, ukafika kwake ukakatika, ukaanza tena mbele. Kila aliyepita njia aliona.

Hapo ndipo nilimjua Mheshimiwa. Wakati huo tulimwita Mwalimu. Alikuwa kijana amemaliza chuo cha ualimu na kazi hajapata, na mamake, Syombua, alikuwa na mguu mbaya. Kwa hivyo alikuja yeye. Mwanaume mmoja mrefu katikati ya kina mama, amekunja suruali mpaka magotini. Kiongozi akiita "Syombua," yeye anajibu, "Niko," kwa ile sauti yake nzito, na kina mama wanaegemea majembe kwa kucheka.

"Syombua, leo umeamka na ndevu," susu alikuwa akimwambia.

"Ni hii baridi, susu," naye anajibu, bila kucheka, na wanaanza upya.

Akimaliza kipande cha mamake alihamia kwa susu. Mimi alinipa jembe lililokatika mpini, saizi yangu, na akanifundisha kurusha udongo upande wa juu. Aliniambia nikirusha chini nitakuwa nimeifanyia mvua kazi. Sijui kama kuna kitu nilifundishwa shuleni ninachokikumbuka hivyo.

Mchana tulikaa chini ya ukuta wa nyumba ya mwenye shamba, kwa kile kivuli chembamba, tukala muthokoi kwa sahani moja watu watatu. Mahindi yametolewa ganda, maharagwe, na kitunguu kidogo kama kipo. Mpaka leo nikipika muthokoi hautoki vile. Kimeu anasema ni mzuri. Kimeu hakuonja ule mwingine.

Halafu tukaenda mtoni kunawa. Mto wetu ni wa mchanga, hauna maji juu ila siku chache za mvua. Maji yako chini. Wakati ule mchanga ulikuwa umejaa kutoka ukingo huu hadi ule, na ulikuwa baridi hata saa sita. Susu alipiga magoti, akakwangua kwa kikombe, shimo la kuingia mkono mpaka kwenye kiwiko, na tukangoja. Maji yalikuja polepole, kwanza ya rangi ya chai ya maziwa, halafu yakatulia, halafu ukajiona uso. Nilipenda sana kule kungoja. Nililala kifudifudi, tumbo kwenye mchanga, na hakuna mtu alinipigia kelele kwamba nachafua nguo, maana mchanga ule ulikuwa msafi kuliko nguo.

Mutheu hajawahi kulala kwenye mchanga wa mto. Saa hii pale kwetu mawe yametokeza kama mbavu, na kisima tunashuka kwa ngazi.

*

Siku ya kura, Mwalimu akigombea kiti cha wadi na mimi ikiwa mara yangu ya kwanza, tulienda na susu, yeye na fimbo yake. Alikuwa amebaki na nguvu kidogo tu. Kwa foleni watu walibishana juu ya vyama. Susu alisema yeye chama hajui, yeye anamtuma Syombua Wote. Tulicheka mpaka karani akatutazama.

Na mwanzo alienda kweli. Hayo pia nimeyaandika hapa, msiniambie naandika mabaya tu. Mwaka wa kwanza ni kama hakukosa. Alisimama akawasemea walimu wa chekechea mpaka nikatoa machozi, nikiwa nimebeba mimba, na mimba hulia yenyewe. Halafu malori yakaja, moja kwanza, la pili baadaye, na kiti chake kikaanza kuonekana kitupu kwenye simu yangu. Nilijiambia pengine kamera haimfikii.

Sasa niwaambie ya siku tuliyoenda Wote.

Kulikuwa na hoja ya kusimamisha uchimbaji wa mchanga kwenye mto wetu mpaka visima virudi. Aliyeileta ni mheshimiwa mwingine, mama wa wadi ya jirani, ambaye watu wake wanatumia mto huo huo. Ndinda, mwenyekiti wetu wa kikundi, alisema safari hii simu haitoshi, twende tukaone kwa macho. Tulienda, yeye, mimi, na Mutheu mgongoni. Tulikaa sehemu ya wageni, Mutheu akanyonya akalala, na mimi nikaona aibu ya viatu vyangu mpaka nikaona hakuna anayeviangalia.

Mheshimiwa aliingia. Alituona, akatupa ile salamu ya macho. Akaketi. Ndinda alinifinya paja, na mimi nilifurahi kama mtu aliyefikiwa na mgeni wake.

Walijadiliana sana. Halafu Spika akasema sauti hazieleweki, majina yataitwa moja moja, kila mheshimiwa aseme ndiyo, hapana, au hana upande. Hapo Mheshimiwa wetu alisimama, akainamisha kichwa mlangoni vile wao hufanya, na akatoka na simu sikioni.

Lakini Wambua alibaki. Wambua ndiye msaidizi wake, yule mwanaume wa koti la kijivu mnayemwona akimbebea mkoba. Alikuwa ameketi mbele yetu kwa wageni, na hakuondoka.

Majina yakaitwa. Likafika la Mheshimiwa wetu.



Mimi nilikuwa naangalia shingo ya Wambua.

"Mbona haitikii?" Ndinda akaninong'oneza.

"Labda anaona haya, watu ni wengi," nikamjibu.

Jina likaitwa mara ya pili. Wambua akakuna sikio. Wakaendelea na lingine. Hoja ikaanguka kwa kura chache sana, na sisi tukarudi nyumbani na huzuni ya hoja, lakini kuhusu Mheshimiwa hatukuwa na neno. Ndinda alisema kama amepigiwa simu ya haraka angefanyaje, na mtu si ameacha? Nikasema ni kweli, ameacha. Jioni nikaandika hapa, mkono mwepesi kabisa: Mheshimiwa wetu alikuwepo, na alipotoka alituma mtu.

Mlinicheka. Ninyi mlioko Nairobi na Mombasa mlinicheka vizuri. Dada mmoja anayefanya kazi bandarini akaandika hapo chini: "Mama Mutheu, bunge sio mwethya. Huko hakuna kutuma mtu." Nilisoma nikikoroga uji, na uji ukashika chini.

Nilipiga simu bungeni kuuliza. Mama aliyeshika simu alikuwa mpole, hakunicheka, ama alicheka akiwa ameziba simu. Alisema ni kweli, kura ya mheshimiwa haishikwi na mwingine, hata mke wake. Akanielekeza mahali pa kusoma Hansadi, yale maandishi ya kila neno linalosemwa mle ndani. Nimesoma na Kiingereza changu cha kidato cha pili, nikitafuta maneno moja moja. Jina lake haliko kwa ndiyo. Haliko kwa hapana. Haliko hata kwa wale wasio na upande.

Ningerekebisha siku hiyo hiyo. Lakini Mheshimiwa aliniwahi. Alichukua maneno yangu akayaweka kwenye kundi la wadi la WhatsApp, na juu yake akaandika, "Hata Mama Mutheu, ambaye hanionei huruma, amesema nilikuwepo." Watu wakampongeza. Kule sokoni mama mmoja muuza nyanya alinishika mkono akaniambia asante kwa kusema ukweli, maana kuna watu walikuwa wanasema Mheshimiwa amekimbia kura ya mchanga.

Aliniongezea nyanya mbili. Nilizibeba mpaka nyumbani na sikuweza kuzipika siku hiyo.

*

Alhamisi alikuja hapa nyumbani. Ndiyo, Alhamisi, siku ya kikao. Nami nikaona, na yeye akaona nimeona.

Aliacha gari barabarani akatembea. Nilikuwa nafua. Nilipomwona anainama kupita chini ya kamba ya nguo, kwa sekunde moja nilimwona Mwalimu yule wa suruali iliyokunjwa, na nikafurahi kabla sijakumbuka. Nilimpa kigoda. Nilimpa chai. Mutheu alienda moja kwa moja akampanda mapajani, na yeye akamwacha avute tai.

"Huyu ni susu mtupu," akasema. "Angalia hilo paji la uso. Anataka kuniuliza kitu."

"Anauliza kama umekuja na peremende, Mwalimu."

Mpaka leo namwita Mwalimu. Ulimi unakataa lile lingine tukiwa karibu.

Alicheka, akanywa chai, akaongea habari za mamake, kwamba ule mguu sasa umekufa kabisa lakini mdomo uko sawa. Halafu akaweka kikombe chini.

"Mama Mutheu, nimesikia unataka kubadilisha yale maneno."

Sikujua nani amemwambia. Nilikuwa nimemwambia Ndinda tu, na Ndinda huongea hata na punda wake.

"Nataka kuyarekebisha," nikasema.

"Kwani uliandika uongo? Si uliniona kwa macho yako nikiingia?"

"Nilikuona."

"Na Wambua si ulimwona amekaa mpaka mwisho?"

"Nilimwona."

"Basi acha ikae hivyo. Wewe umelelewa kwa mwethya, si kama hawa wa mjini. Nilituma mtu ama sikutuma?"

Nilimwongezea chai ambayo hakuitaka.

Halafu akasema kitu ambacho kimenikaa tangu hapo. Alisema, "Mnanihesabia kura, halafu mkinipigia simu mnaniuliza karo. Hakuna hata mmoja wenu ameniuliza karo inatoka wapi. Mshahara unaisha kwa matanga na harambee. Ni ile lori, Mama Mutheu. Ni ile lori inasomesha watoto wa watu hapa." Aliongea bila hasira. Alikuwa amechoka. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi, na nikataka kumpa maji ya kunawa uso, na nikaona maji yenyewe yamebaki kidogo kwenye mtungi.

Akasimama, akamrudisha Mutheu chini. Akaangalia paa letu jipya la mabati.

"Kimeu ni dereva mzuri," akasema. "Sijawahi kuwa na neno na yeye."

Akainama tena chini ya kamba ya nguo, akaenda.

Maneno mazuri hunijia mtu akiwa ameshaondoka. Nilikuwa naanika soksi za Mutheu ndipo jibu likaja. Ningemwambia kwamba kwa mwethya, aliyetumwa alikuja na jembe. Alichimba kipande cha mwenyewe mpaka mwisho. Wambua alikaa tu. Na ningemwambia pia kwamba yeye ndiye sisi tulimtuma. Alijibu kwa jina la mamake bila haya, miaka ile, mbele ya kina mama wote wakimcheka. Hili jina letu limemshinda nini?

Nilianika soksi.

*

Kimeu alikuwa safarini. Nimempigia leo asubuhi, alikuwa mji wa Salama anakunywa chai kabla ya kurudi na lori tupu. Nimemwambia yote, ya Alhamisi mpaka ya mabati.

Nilisikia malori ya barabara kuu yakipita nyuma yake.

"Kwani ni lazima uandike wewe?" akauliza. "Hawa watu wote wenye digrii, ni lazima mke wangu?"

"Ile ya kwanza niliiandika mimi, baba Mutheu. Ndiyo wanatembea nayo."

"Alisema nini kunihusu? Sema vile alisema."

"Alisema wewe ni dereva mzuri."

"Basi amemaliza."

Halafu akaniuliza kama najua majuzi walijaza mchanga wapi. Nikasema sijui. Akasema ni hapo juu kidogo ya kisima chetu. Mimi nilikuwa sokoni. Alisema kina mama walifika na mitungi wakakuta lori limeziba njia, na hawakugomba. Walimsalimia vizuri kabisa, wakamuuliza habari ya mtoto. "Hiyo ndiyo mbaya," akasema. Na kati yao alikuwa mamake mwenyewe na punda. Alisimama pembeni juani, ameshika kamba ya punda, akingoja mwanawe amalize kujaza ndio ashuke kuchota. Alipopita alimpangusia vumbi begani, kama anavyofanya siku zote.

Nimekuwa nikihesabu vikao vya mwanaume mwingine huko Wote na sikujua haya ya mume wangu.

"Andika," akasema. "Lakini ungoje kwanza nikampe Mheshimiwa funguo mkononi. Sitaki asome kwa simu nikiwa bado nimekalia kiti chake."

Nikamuuliza tutakula nini. Akasema kuna mfanyabiashara pale Malili anayepeleka maembe, amewahi kumwambia atahitaji dereva msimu ukifika. Amesema tu. Hajasema lini, hajasema ngapi.

Tukapanga hivi. Anapitia kwa Mheshimiwa. Nikisikia lori likija mpaka hapa kwetu, nijue ameshindwa kwa maneno, maana yule mtu anajua kuongea, na mimi nisiandike kitu, niache yale ya zamani yakae. Akija kwa miguu, niandike.

Tangu hapo natega sikio. Nimefagia uwanja mara mbili. Kila gurudumu likipita barabarani natoka mpaka kwenye kamba ya nguo.

Na wacha niseme ukweli wote, maana hapa ndio mahali pangu pa kusema: kuna nusu yangu inayotaka kusikia lori.

Nusu hiyo inaangalia mabati. Inaangalia Mutheu na huo mwiko wake. Inasema Mwalimu si mtu mbaya, na ni kweli si mtu mbaya. Inasema susu angemsamehe. Lakini kusamehe hakukumfanya susu achimbe kipande cha asiyekuja na kusema mwenyewe alikuja. Alikiacha. Akamsalimia mwenyewe kesho yake kanisani kwa mikono miwili, na kipande bado kipo vile vile.

Kwa hivyo nimeyaandika, yako tayari. Haya hapa.

Siku ya hoja ya mchanga wa mto wetu, MCA wetu aliingia bungeni, akaketi, na akatoka kabla kura haijapigwa. Jina lake liliitwa na hakuna aliyejibu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Msaidizi wake alibaki kwa wageni, na msaidizi hana kura. Niliandika kwamba alituma mtu. Nilikosea mimi, nilifikiri kule ni kama kwetu. MCA wetu ana malori mawili yanayobeba mchanga kutoka mto huo huo. Kuwa na lori si haramu. Sheria yao inamtaka asimame aseme, nina lori, halafu aongee. Hakusema.

Na mimi nina langu la kusema kabla hamjaniuliza. Mume wangu ameendesha moja la malori hayo tangu Mutheu azaliwe. Uji wa Mutheu umetoka huko, mabati yametoka huko, hata bando la kumfuatilia Mheshimiwa limetoka huko. Mnisome mkijua hivyo.

Hayo ndiyo.

Sasa nikiyasoma tena naona ni mafupi, na nilidhani yatakuwa makubwa. Ninachotamani ni kitu kidogo. Natamani Mwalimu ayasome akiwa peke yake, akasirike siku moja, hata mbili. Halafu ile hoja ikirudishwa, na yule mama wa wadi ya jirani amesema ataileta tena, aingie, akae, asitoke. Jina likiitwa nisikie ile sauti nzito ikitoka kwa simu yangu hapa kwenye debe la unga. Hata akisema hapana. Akisema hapana nitaandika alisema hapana, na tutajua la kumuuliza. Bado nina imani naye kidogo. Ndinda anasema mimi ni mjinga kwa hilo, na labda

Kuna mtu anaita kutoka njiani. "Mama Mutheu, kuja unishikie hii," ni Kimeu, na sauti yake imechoka lakini si mbaya. Mutheu ameshaamka, ameketi anasikiliza babake. Lori sijalisikia. Nimengoja kidogo nisikilize tena, labda limezimwa kule chini, lakini hapana, ni yeye, ni miguu yake kwenye changarawe, amebeba godoro lake la safari begani na ile redio yake, vitu vyake vyote vya mle ndani, na anaita tena, kwa hivyo wacha nibonyeze hii iende ndio nikampokee mzigo na nimwambie